Jambia Lililorudi Peke Yake

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwa mjomba wangu, mtaa wa Azaiba, Maskati, nikiwa na mfuko wa plastiki wenye shati, mswaki na mkate wa jana, na sikujua naelekea wapi. Nilisimama kando ya barabara kuu nikajiambia gari ya kwanza itakayosimama ndiyo itakayoamua. Ikiwa inakwenda Matrah, nitaanzia kwa wazee wa sokoni. Ikiwa inapanda bara, nitaanzia huko. Ikasimama teksi yenye watu watatu wanaokwenda Rusayl, njia ya bara, nikapanda.

Sikuwa mgeni wa safari za namna hiyo. Shule niliiacha Unguja kidato cha pili, na tangu nifike Maskati, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nimeshauza vitambaa Ghubra, nimepaka rangi majumba, nimejaza magodoro kiwandani, nimeosha magari. Kila kazi niliiacha nilipokwisha kujua inavyofanywa. Mjomba alikuwa akisema mimi ni mtu wa kufunua masufuria ya watu. Alisema kweli, lakini safari hii sufuria lilikuwa la nyumbani.

Bibi yangu, mama yake mjomba na mama yake mama yangu, alitaka kujua mume wake wa kwanza alikufa lini. Hakuuliza wapi wala vipi. Aliuliza lini, na alikuwa na haraka, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka na daktari alikwisha kumkataza kupanda ngazi.

Mume huyo wa kwanza ndiye babu yangu. Aliondoka Unguja mama yangu akiwa hajaanza kutambaa, akaja Oman kudai fungu lake katika mitende ya marehemu baba yake. Akakuta nchi ina vita. Watu wa Imamu wamekaa mlimani, watu wa Sultani wako chini, na mitende imo katikati. Akakosa mitende, akapata bunduki. Msafiri mmoja alifikisha habari Unguja kwamba ameandikishwa askari wa miguu katika jeshi la Sultani. Baada ya hapo kimya, mpaka ulipofika mzigo.

Mzigo wenyewe ulikuwa kanzu yake, na ndani ya kanzu limefungwa jambia lake pamoja na mkanda wake wa nyuzi za fedha. Hapakuwa na barua. Aliyeuleta aliupokea kwa mtu, na mtu huyo aliupokea kwa mwingine huko Matrah. Wazee wakakaa barazani, na kikao hakikuchukua muda. Kwa watu wetu wa wakati ule jambia haliachani na kiuno cha mwanamume. Atauza ngamia, ataweka shamba rehani, jambia atabaki nalo. Likirudi bila mwenyewe, limekuja kurithiwa. Ndivyo lilivyorudi la ami yake kutoka Pemba, na hakuna aliyehitaji barua. Basi wakasoma khitma, na Bibi, ambaye hajatimiza miaka ishirini, akatiwa eda. Akakaa miezi minne na siku kumi. Alipotoka hakupita muda mrefu akaposwa na mtu mwema, akaolewa, akamzaa mjomba.

Miaka ya sabini mume wa pili akahamia Maskati na Bibi na mjomba. Mama yangu alikuwa ameshaolewa, akabaki Unguja. Zaidi ya miaka ishirini Bibi aliishi katika nchi alimozikwa mume wa kwanza na hakumuuliza mtu hata neno moja, kwa heshima ya mume wa pili. Mume huyo naye akafariki. Kisha siku moja, kwenye matanga Ghubra, mwanamke mgeni kutoka bara alikaa karibu yake, na katika mazungumzo akasema marehemu baba yake alikuwa askari pamoja na Mzanzibari mmoja. Mlima ulipoanguka mikononi mwa Sultani, walikuja nyumbani pamoja, wakawaletea watoto halwa. Bibi akauliza jina la huyo Mzanzibari. Lilikuwa jina la babu, na jina la baba yake.

"Mlima ulipoanguka nakumbuka," Bibi aliniambia siku ile aliporudi. Tulikuwa chumbani kwake, na ameufunga mlango kwa ufunguo. "Redio ilisema. Na mie nna mimba ya mjomba wako, siwezi hata kunusa kitunguu."

Nikamwambia majina yanafanana, wako wengi.

"Wako wengi, mjukuu wangu. Ndiyo maana nakutuma wewe. Nikifa leo nitakutana na wanaume wawili. Nataka kujua siku ile nilikuwa mke wa nani." Akaniangalia. "Usimwambie mjomba wako."

Nilikwenda kwanza ofisini, mahali wanaposhughulikia askari wa zamani. Karani alikuwa mstaarabu, akanipa chai, akaniuliza namba ya jeshi ya marehemu. Sikuwa nayo. Akasema bila namba ni sawa na kutafuta punje ya mchele katika gunia la mchele. Kisha akaniuliza mimi ni wa nyumba gani, na mimi kwa ujinga wangu nikamwambia. Mjomba alikuwa mtu mkubwa wizarani. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshapigiwa simu.

Alinisubiri gereji, kando ya gari, Bibi asisikie.

"Unamtafuta nani?"

"Babu yangu."

"Babu yako kafa. Kasomewa khitma. Mama yangu kakaa eda yake, kamaliza. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua alikufa lini."

Hakupandisha sauti, na hilo lilinitia hofu kuliko kelele. "Wewe huna kazi, huna mke, huna nyumba, huna cha kupoteza. Haya, tuseme umepata. Tuseme alikuwa hai. Mimi nitakuwa mtoto wa nani? Hilo umelifikiri?"

Nilikuwa sijalifikiri.

"Nina mabinti wawili wa kuposwa," akasema. "Kesho husogei hapa. Tutazungumza nikitoka kazini."

Ndiyo maana kesho yake baada ya sala ya alfajiri nilikuwa barabarani na mkate wa jana.

Rusayl nilipafahamu kwa sababu ya kiwanda cha magodoro. Lori zilikuwa zinaingia na kutoka, na getini alikuwa bado yuko mlinzi yuleyule wa zamani, Mbalushi, mtu wa asili ya Baluchistan, mwenye ndevu za hina. Wakati nikifanya kazi pale sikuwahi kumuuliza kitu. Asubuhi ile, kwa kukosa pa kwenda, nilimwamkia nikamuuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kulinda magodoro.

"Nilikuwa askari," akasema kwa Kiarabu. "Unadhani kusimama hivi mtu hafundishwi?"

Nikamweleza habari ya babu, ila ya Bibi sikumwambia. Akanisikiliza huku akiinua na kushusha kizuizi kwa ajili ya magari.

"Nyinyi Wazanzibari kazi yenu kuuliza na kunywa chai," akasema. "Una namba?"

"Sina."

"Basi jina lisahau. Pale kila mtu alikuwa fulani bin fulani, na karani hajui kusikia. Tafuta sinia."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba jeshini walikula sita kwa sinia moja, na sinia halibadilishwi. Aliyekufa nafasi yake ilibaki wazi mpaka aletwe mwingine. Askari anaweza kusahau jina la ofisa wake, alisema, lakini hasahau mkono uliokuwa ukimega wali karibu na mkono wake. "Mzanzibari alikuwa sinia la tatu nyuma yetu. Alikuwa anatembea na pilipili mfukoni, amefunga katika karatasi. Sinia lao waliobaki ni wawili. Mmoja yuko Sumail, kijiji cha ndani kabisa, bondeni."

Nikamuuliza kama anakumbuka Mzanzibari alikufa lini.

"Kamuulize wa sinia lake. Na sikiliza: bonde lile wengi walikuwa upande wa pili, wa Imamu. Usianze na neno vita."

Dereva wa pikapu aliyekuja kuchukua magodoro mawili akanipandisha mbele. Njia yote alizungumza habari za bei ya mbuzi, nami nikawa naitikia. Tulipoiacha tambarare na milima ikasogea pande zote mbili, nilianza kutamani asifike. Nilikuwa nikihesabu. Kama yule mwanamke wa matangani alikosea, nitarudi na habari nzuri na mjomba atanisamehe. Kama hakukosea, nitakuwa nimemchukulia mtu nasaba yake. Mjomba huyo ndiye aliyenilipia nauli ya kuja Maskati, ndiye aliyenipa chumba. Niliwaza kumwambia dereva anishushe nirudi. Sikumwambia. Siwezi kusema ulikuwa ushujaa. Nilitaka kujua tu, kama siku zote, na safari ile nilijichukia kwa hilo.

Alinishusha penye duka la Mmalabari, Mhindi wa kusini, mbele ya msikiti, adhuhuri imekwisha kusaliwa. Wanaume wanne walikuwa wamekaa kwenye ngazi kivulini. Nikawaamkia, wakaniuliza habari, nikajibu habari njema, wakaniuliza tena, nikajibu tena, kama inavyotakiwa. Ndipo nikasema namtafuta mzee fulani aliyekuwa askari.

Mmoja, mwenye fimbo nyembamba, akaniuliza namtakia nini.

"Alikula sinia moja na babu yangu."

"Babu yako wa wapi?"

"Unguja."

"Alikuwa juu au chini?"

Nilielewa anauliza nini. Mmalabari dukani aliacha kupanga makopo. Nilitazama njia niliyokuja nayo, pikapu ilikuwa imekwisha kwenda.

"Chini," nikasema.

Mwenye fimbo akatoa kokwa ya tende mdomoni, akaiweka juu ya ngazi taratibu. "Kaka yangu alikuwa juu," akasema. "Hakushuka."

"Mungu amrehemu," nikasema.

"Amin. Na babu yako pia." Akaninyooshea fimbo kuelekea mitendeni. "Mlango wa kijani. Huyo unayemtafuta alikuwa anatupiga mizinga, na mimi kanioza dada yake. Mwambie shemeji yake anasema bado hajui kulenga."

Wenzake wakacheka, naye hakucheka. Nikashukuru, nikaondoka kwa haraka kidogo kuliko adabu.

Mzee mwenyewe alifungua mlango. Alikuwa mfupi, jicho moja limefunga ukungu, na aliposikia ni nani aliyenituma akasema, "Yule Mbalushi mzima? Mwizi wa sukari yule." Lakini nilipotaja jina la babu, alihama Kiarabu palepale akaniuliza kwa Kiswahili cha Pemba, "Wewe nani yake?"

Alikuwa amekulia Wete. Ndiyo maana babu alikaa sinia lake, watu wawili wa kuzungumza Kiswahili katika kikosi kizima. Aliniingiza sebuleni, akaniletea tende na kahawa, akaniacha nile kwanza. Nikamwambia yote, na ya Bibi, na ya mjomba. Nilikuwa nimechoka kuficha.

Nilipofika kwenye habari ya jambia, alifunika uso kwa mkono.

"Siku ya kwanza tu," akasema, "ofisa, Mzungu, katwambia: vueni majambia yote. Askari anafunga mkanda wa turubai, basi. Na hemani kuna wezi. Sisi tulipeleka kwa mama zetu, mwendo wa siku moja. Yeye mama yake nani hapa? Kalifunga katika kanzu yake, kampa mtu wa Matrah, kamwambia: mpe mke wangu aniwekee. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwa yule mtu."

"Hayakufika."

"Najua hayakufika. Alikuja kujua na yeye."

Mlima ulipoanguka, askari walipewa likizo. Babu alikwenda Matrah kutafuta chombo cha kurudi. Hapo sokoni akakutana na mtu wa Unguja aliyemfahamu. Mtu yule alipomwona alirudi nyuma akashika ukuta. Akamwambia: wewe tumekusomea khitma. Mkeo kakaa eda, kaolewa, ana mimba.

"Alirudi kambini siku ya tatu," mzee akasema. "Hakula. Pilipili yake katoa, kampa Mbalushi. Tukadhani mgonjwa. Kisha akatuita wawili, mimi na mwenzangu, nyuma ya jiko. Akasema: shuhudieni, nimemwacha mke wangu, fulani binti fulani. Tukamwambia, mbona usiende ukadai? Mke wako huyo. Akasema, niende nikamtoe nyumbani kwa mtu na mimba yake? Alikosa nini? Mimi nilituma jambia, sikutuma mdomo."

Mwaka haukwisha. Alikuwa ndani ya lori, njia ya mlimani, likakanyaga bomu lililotegwa, akafariki.

Kwa hiyo Bibi alikuwa na haki ya kuogopa. Siku aliyoolewa, mume wake wa kwanza alikuwa hai, na talaka ilikuja mjomba akiwa tumboni. Niliuliza mara mbili, nikiomba anijibu vingine. Hakujibu vingine.

Simu ilikuwa pembeni ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee akakifunua akaniambia, "Piga. Mgonjwa hasubirishwi."

Alipokea dada wa kazi, mwanamke wa Moshi. "Kaka, uko wapi wewe? Bosi hajaenda kazini. Amekaa na Bibi tangu asubuhi, wananyamaziana."

"Nipe Bibi."

Ikaja sauti ya mjomba. "Mama kanambia yeye ndiye aliyekutuma," akasema. "Sema."

Nilitaka kuanza mbali. Akanikata. "Kabla au baada ya mlima?"

"Baada."

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake feni. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, la jambia, la sokoni, la nyuma ya jiko. Nilipofika kwenye bomu mzee akaninyang'anya simu.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia. "Mie si sheikh. Nilikuwa mpiga mzinga, na shemeji yangu atakwambia hata huo siujui. Lakini hapa kwetu hakuna mtu anayemwita mtoto wa haramu mtoto aliyezaliwa na mwanamke aliyekaa eda yake. Mama yako hakumficha mtu. Mwende kwa kadhi, mumwambie, na mie nitakuja kushuhudia talaka ile kwa miguu yangu."

Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo. Wawili. Mwenzangu yu hai. Amekwenda arusini, kijiji cha juu." Akanirudishia simu.

Sasa alikuwa Bibi.

"Basi alijua," akasema.

"Alijua, Bibi."

"Alinilaani?"

"Hapana. Alisema hukukosa kitu. Kosa kalichukua yeye."

Akasema, "Alikuwa hivyo. Ukimvunjia kikombe anasema alikiweka pabaya yeye." Hakulia, au nilikuwa mbali mno kusikia. Akampa mjomba simu.

"Shahidi mmoja hatoshi kwa kadhi," mjomba akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya gereji, ya chini, lakini sasa haikuwa inanizuia mimi. "Huyo wa pili ni mzima? Ana akili zake?"

"Mzee anasema ni mzima."

"Usirudi bila yeye. Umesikia? Hata ikiwa wiki."

"Nimesikia, mjomba."

"Una pa kulala?"

Sikuwa nimelifikiri hilo pia. Nikamtazama mzee, naye alikuwa ameshasimama. Akachukua godoro lililosimamishwa nyuma ya mlango, akakataa nisimsaidie, akaliburura kupitia uani mpaka chumba cha nje kilichojengwa kwa udongo, chenye dirisha moja dogo la kuelekea mfereji wa maji. Akalitupa chini, vumbi likapaa. Nikaitazama mishono yake. Lilikuwa la kiwanda kingine.

"Choo kile pale, kibla huku," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Yule mwenzangu akila arusi haondoki mpaka wamfukuze. Tumngoje Ijumaa."

Nikauliza leo siku gani.

"Jumanne," akasema, akaenda kuniletea mto.